Walikataa Kadi Zote Nane

Watu sitini na watatu walikataa kupelekewa sehemu ya bure ya kupumzika, na mimi nikawafuta.

Sikuwaua, msinielewe vibaya. Niliwafuta kwenye kompyuta, huku natafuna karanga.

Ngoja niwaeleze kazi yenyewe, maana hata mama yangu mzazi haielewi. Anawaambia watu nachapa barua.

Ofisi yetu inatabiri watu watapenda kwenda kupumzika wapi. Unamwonyesha mtu kadi yenye picha tatu: msitu wenye njia za kutembea, ufukwe wa mto, na bwawa lililojaa kwenye machimbo ya zamani ya kokoto. Anachagua moja. Asipotaka hata moja, anachagua "siendi popote".

Kadi ni nane. Kila moja unabadilisha kitu kidogo: umbali, vivuli, vyoo, mabenchi. Kompyuta inameza majibu, halafu inakuambia mtu yuko tayari kutoka mbali kiasi gani kwa ajili ya benchi lenye kivuli. Mimi ndiye niliyekuwa naisafishia majibu.

Aliyekuwa akizunguka mitaani na kadi na madodoso ya karatasi alikuwa mama mmoja mtu mzima. Tulimwita Bi Penseli, kwa sababu kalamu ya wino hakuitaka hata umlazimishe.

Siku moja akanipigia simu.

"Mwanangu, hawa wa nyuma ya machimbo wanakataa kadi zote. Mmoja baada ya mwingine."

"Wanachagua nini?"

"Siendi popote. Zote nane."

"Basi andika hivyo."

"Ila wana sababu zao, na mimi naona..."

"Mama," nikamkata, "dodoso halina sehemu ya sababu. Andika chaguo tu. Tukianza hadithi hapa hatumalizi."

Kisha akasema, "Haya, mwanangu."

Mpaka leo ile "haya" inaniwasha sikioni.

Sasa, kwenye fani yetu kuna utaratibu. Mtu akikataa kadi zote, tunahesabu kwamba amegoma. Tunasema hapimi mahali, anagombana na dodoso. Majibu yake yanaondolewa ili yasiharibu hesabu.

Nikaenda kwa bosi, tuliyezoea kumwita Profesa. Nikamwambia wako sitini na watatu, na wote wanatoka mtaa mmoja.

Hakuinua hata macho. "Mtaa mzima wagomvi. Waondoe."

Nikawaondoa.

Bwawa la machimbo likapanda hadi namba moja. Picha ya maji ya kijani chini ya ukuta mrefu wa mawe ilikuwa imewapagawisha watu wa mjini. Ripoti ikapokelewa kwa makofi. Baada ya miezi saba kulikuwa na ngazi za kushukia, mabenchi na geti jipya.

Ufunguzi ukapangwa Jumamosi. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, ikakatika Ijumaa. Sote tukasema tuna bahati.

Asubuhi ile mume wangu akamchukua binti yetu wa miaka sita, amevaa gauni la njano, wakatangulia bwawani. Mimi nilipitia ofisini kwanza. Profesa alitaka madodoso yote ya karatasi yapigwe picha, hata yale ya wagomvi.

Nikafungua boksi. Nikaanza kuyapanga, uso juu, uso chini.

Nyuma ya la kwanza kulikuwa na maandishi ya penseli.

"Anasema mvua ikikatika, ukuta wa juu unamwaga mawe."

Nikageuza la pili. "Kaka yake alifunikwa pale. Hawakumtoa."

La tatu. "Anasema wenye machimbo waliondoka kwa ajili ya ule ukuta."

Nilianza kuyageuza kwa fujo, mengine yakadondoka chini. Ukuta. Ukuta. Mvua ikikatika. Ukuta. Bi Penseli aliandika yote sitini na matatu, hakuna hata moja aliloruka.

Nikampigia mume wangu. Simu inaita, haipokelewi. Nikapiga tena. Inaita.

Nilishuka ngazi za ofisi peku, viatu mkononi. Nafika nje, gari letu hilo linaingia.

Binti yangu alikuwa kiti cha nyuma, analia, mzima.

Nilimkumbatia mpaka akalalamika namuumiza.

Mume wangu alikuwa amefura. "Unapiga simu naendesha! Na hiyo sehemu yenu mmeweka vichaa?"

"Kuna nini?"

"Kuna bimkubwa kasimama juu ya ngazi na mwavuli. Anawapandisha watu waliokuwa chini, na wanaofika anawarudisha. Nikamwambia anipishe, akampigia mtoto kelele usoni mpaka akaanza kulia. Nimemtukana, sikufichi. Nimemwambia akatibiwe."

Nikakaa chini palepale kwenye kokoto za maegesho.

Nikatafuta namba ya Bi Penseli. Nikakosea mara mbili.

Ikapokelewa. Sauti ya mwanaume, na nyuma yake watu wanapiga mayowe.

"Wewe ni ndugu yake?"

Nikamuuliza mwenye simu yuko wapi.

"Kama ni ndugu yake, njoo. Ukuta umeshuka."

Alikuwa amewapandisha karibu wote. Akarudi chini kuwafuata wapenzi wawili waliokuwa bize na picha. Wapenzi walitoka. Yeye hakutoka.

Mimi nilikuwa nimetabiri wageni mia mbili kufikia saa sita mchana. Daftari la getini lilikuwa na mia moja tisini na nane. Sijawahi kupatia kiasi kile maishani mwangu.

Siku ya mazishi mume wangu alisimama nyuma kabisa, hakumwangalia mtu usoni. Profesa alinishika bega akaniambia, "Usijilaumu. Ulifuata utaratibu." Nadhani alikuwa ananifariji. Nilitamani kumzaba kofi.

Jumatatu nikarudi ofisini, nikafunga mlango, nikawarudisha wale sitini na watatu kwenye hesabu. Nikabonyeza, nikasubiri.

Bwawa la machimbo likaanguka kutoka namba moja hadi mkiani.

Niliangalia saa. Kazi yote ilichukua dakika nne.

Wewe unayesoma hapa, labda kazi yako ni kuuliza watu maswali. Labda ni mwalimu, daktari, au mzazi tu. Mtu akikukatalia, usikimbilie kumwita mgomvi. Muulize kwa nini, halafu nyamaza umsikilize hadi mwisho. Mimi kuna mama alitaka kunieleza, nikamkata. Binti yangu ana miaka minane sasa, na kila nikimvalisha nguo asubuhi namkumbuka yule mama niliyemkataza kuandika.