Kufungua Saa Nne

Ukitaka kumpata Madame Bibiane wa mtaa wa Kikula, usipoteze muda kuuliza nyumba yake. Simama tu barabarani utege sikio, sauti yake itakufikia kabla hujamwona. Alikuwa mwalimu wa darasa la tatu katika shule ndogo ya msingi, na alifundisha hesabu kwa kelele, akafundisha Kifaransa kwa kelele, hata akimnyamazisha mtoto alimnyamazisha kwa kelele. Wanafunzi walimwita Mama Bafle, kwa jina la zile spika kubwa za baa. Alijua, na hakuona haya hata kidogo. Angeona haya kwa lipi? Darasa lake lilikuwa linawaka! Watoto wakijibu kwa pamoja, kuku wa jirani walitimua mbio.

Sasa mchukue mwanamke wa namna hiyo umweke katika mwaka wa tisini na tano, katika mji wa migodi, Likasi ile ya mishahara isiyokuja. Mashine za mgodi zilikuwa zimenyamaza, wanaume wanatoka asubuhi na kurudi mikono mitupu, wengine wameshika sururu na kuelekea Kambove kuchimba. Walimu walikuwa wamesahaulika kabisa. Wazazi ndio waliowashika mkono, na wazazi wenyewe walikuwa hoi. Hayo yote Bibiane aliyavumilia. Alilima mihogo nyuma ya nyumba, akakaza mshipi, maisha yakaenda. Jambo moja tu lilimtia wasiwasi: darasa lake lilikuwa limeanza kunyamaza.

Wakati wa mapumziko watoto hawakukimbia tena. Walikaa wamejipanga ukutani, wanaota jua, mpira wa matambara umelala katikati ya uwanja hakuna anayeutazama. Hata Sephora! Sephora yule mwenye pengo la meno, aliyesoma kitabu kana kwamba anagombana nacho! Bibiane akamwendea.

“Sephora, juu ya nini hauchezi? Uko mugonjwa?”

“Hapana, Madame,” alisema Sephora, ameinua kidevu. “Minye niko nafunga.”

Lazima ujue kwamba siku zile makanisa yalikuwa yanaita watu kufunga wiki baada ya wiki. Watu walifunga kwa ajili ya nchi, kwa ajili ya kazi, kwa ajili ya mshahara utoke. Wakubwa walikuwa wanafunga kavu, hata maji hawanywi. Lakini mtoto wa miaka tisa! Bibiane, naye mtu wa maombi, nusura aruke kwa furaha. Kesho yake akawaita wote waliofunga wasimame mbele ya darasa, akaamuru wapigiwe makofi. Yakapigwa mpaka madirisha yakatetemeka. Siku iliyofuata waliosimama waliongezeka, na mwisho wa wiki ilikuwa karibu nusu ya darasa. Akasimama hata Souleymane, mtoto wa Kiislamu wa dawati la nyuma. Huyo Bibiane akampigia makofi ya peke yake, kwa sababu imani ni imani, bwana! Akazunguka shule nzima akijisifu, na Directeur Gaston, mkuu wa shule, mtu mrefu mwenye tai moja na hofu nyingi, akasema shule yetu imebarikiwa.

Jumamosi alimkuta sokoni Mayimuna, mama yake Souleymane. Watu wake walitoka upande wa Kasongo zamani, naye aliuza samaki wakavu wa ziwa la Tshangalele, mwanamke wa maneno machache na macho makali.

“Mama Mayimuna!” Bibiane alipaza sauti akiwa bado mbali. “Mutoto wako ananifurahisha! Anafunga na benzake!”

“Kufunga gani, Madame? Ramadhani iliisha zamani.”

“Anafunga, nakuambia! Kila siku anasimama, siye tunamupigia mikono!”

Mayimuna akaweka chini samaki aliyekuwa amemshika.

“Madame, sikia. Biashara imekufa. Batoto yangu banakula mara moja, mangaribi. Asubui hakuna kintu. Hiyo njo anaita kufunga.” Akamtazama usoni. “Na weye unamupigia mikono?”

Lo! Bibiane alitamani ardhi impasukie. Aliwaona wote mmoja mmoja, waliosimama mbele ya darasa na videvu vyao juu. Kumbe wanasimama na njaa yao, na yeye anaishangilia! Alirudi nyumbani akijitukana njia nzima, watu wanageuka kumtazama.

Jumatatu akafika shuleni na sufuria ya uji kichwani, unga wa mihogo yake mwenyewe, bado unatoa mvuke. Akaitua mlangoni mwa darasa, akashika kiuno, akatangaza kwa ile sauti ya bafle:

“Mwenye kuwa na njaa akuye hapa!”

Unadhani nani alikuja? Hakuna. Hata mmoja! Watoto waliinama wakatazama miguu yao. Souleymane alitazama dirishani. Sephora, mdomo umemkauka mweupe, alisema polepole, “Minye nafunga, Madame.” Uji ukapoa pale mlangoni, mbele ya matumbo matupu. Na kabla ya adhuhuri Sephora aliitwa ubaoni, akashika chaki, akaandika nusu ya neno, akaanguka.

Alipozinduka walimpa maji ya sukari. Directeur Gaston akamvuta Bibiane pembeni, jasho linamtoka.

“Madame, uangalie sana. Huyo njo mutoto wa Numbi.”

Kikula yote ilimjua Numbi. Alikuwa fundi wa mashine, na ingawa mashine yenyewe ilikuwa imelala miezi mingi, kila asubuhi alivaa nguo zake za kazi, akang'arisha viatu mpaka vikatoa mwanga, akaondoka nyumbani kama mtu anayesubiriwa mahali. Shemeji yake alipomletea unga, aliurudisha. Nyumba yangu haiombi, alisema, na mtaa mzima ukasikia.

“Ukimupa mutoto wake chakula ya huruma,” alisema Gaston, “kesho atamutoa ku masomo. Namujua. Atamufungia ku nyumba, hautamuona tena.”

Hapo ndipo Bibiane alipobanwa. Akimlisha Sephora atampoteza, na asipomlisha atampoteza vilevile. Alikimbia moja kwa moja hadi sokoni kwa Mayimuna, anahema, akamwaga yote: sufuria, ukimya, chaki, Numbi na viatu vyake.

Mayimuna alimsikiliza, kisha akamcheka waziwazi. “Eh Madame! Weye unaita njaa kwa jina yake mbele ya bantu, alafu unataka muntu asimame? Ata weye haungesimama! Kwetu, muntu mwenye kufunga, hatumuulize kama iko na njaa. Tunamuita tu, kuya ufungue. Na hakuna muntu anakatala kufungua. Ni zambi kukatala!”

Bibiane alikodoa macho. Halafu akampigia kelele moja ya furaha, akamkumbatia na samaki wake wote, akanuka samaki mpaka jioni.

Mbio zilizofuata, acha tu! Alipita kwa akina mama wa maombi mmoja mmoja. Hakusema neno njaa hata mara moja. Alisema shule ina wafungaji, na wafungaji lazima wafunguliwe, nani anataka baraka? Baraka! Nani angeikataa? Mama huyu kopo la unga, yule kuni, yule chumvi, hata wasiokuwa na kitu walikuja na mwiko na mikono yao. Mayimuna alimkamata kaka yake, Asani mwenye duka, asimwachie mpaka alipotoa sukari. Gaston peke yake ndiye aliyekuwa anasitasita.

“Lakini Madame, kufunga gani inaishaka saa ine ya asubui?”

“Directeur, Mungu anaangaliaka roho,” alijibu Bibiane. “Haangaliake saa!”

Siku ilipofika alisimama mbele ya shule nzima, si darasa lake tu. Kuanzia leo, alisema, katika shule hii wanaofunga watafungua pamoja, Wakristo na Waislamu, saa nne, baada ya maombi. Na asiyefunga asithubutu kusogea, hakuna hata tone lake!

Watoto wakatazamana. Sufuria inachemka. Akaanza kuogopa. Ndipo Sephora alipoinuka ukutani, akajipangusa vumbi, akaja mbele taratibu kama mtu mwenye haki yake. Souleymane akafuata. Halafu uwanja mzima ukasimama! Watoto wa darasa la kwanza wakaapa kwamba wamefunga tangu walipozaliwa. Mtoto mmoja mnene wa Asani mwenye duka akalia kwa uchungu kwa sababu alikuwa amekula mkate asubuhi, akaahidi kesho hatakula. Bibiane alicheka mpaka machozi yakamtoka, na mengine hayakuwa ya kicheko.

Basi ikawa hivyo kila siku. Na kelele zikarudi! Kwanza mnong'ono, halafu ugomvi, halafu mpira, halafu kuku wa jirani wakaanza tena kukimbia. Sephora akarudi kugombana na vitabu. Gaston alilalamika kwamba hawezi kusikia mawazo yake mwenyewe ofisini, na Bibiane akamwambia amshukuru Mungu.

Lakini Kikula haina siri. Asubuhi moja, uji ndio kwanza umeanza kugawiwa, Numbi aliingia uwanjani. Nguo za kazi, viatu vinang'aa kwenye vumbi lile jekundu. Alitembea moja kwa moja mpaka kwenye sufuria. Watoto wakanyamaza, vikombe mikononi. Gaston akatoa kichwa mlangoni, akakirudisha.

“Madame,” alisema Numbi, taya amezikaza, “nani alisema mutoto wangu iko na njaa?”

Bibiane alimwona Sephora amesimama na kikombe chake kilichojaa uji. Neno moja baya, na mtoto yule ataondoka shuleni ameshikwa mkono.

“Hakuna muntu alisema, papa Numbi,” alijibu. “Hapa hakuna mutoto wa njaa. Hapa iko benye kufunga tu. Banafunga, alafu banafungua.”

“Anafunga? Sephora?” Akamgeukia binti yake. “Unafunga juu ya nini?”

“Juu yako, papa,” alisema Sephora. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka. “Naomba Mungu akurudishie kazi.”

Numbi aliwatazama watoto wale, vikombe vyao vya mabati na vya plastiki, shingo zao nyembamba. Akamtazama Mayimuna aliyeshika mwiko. Bibiane aliona jinsi kola ya nguo za kazi za Numbi ilivyokuwa pana kwa shingo yake, na jinsi mkanda ulivyotobolewa tundu jipya, halafu jingine. Akaelewa. Lakini huruma hakuionyesha. Alichukua kikombe, akakijaza uji mpaka ukingoni, akakishika mbele yake kwa mikono miwili, kama anavyopewa mgeni wa heshima.

“Na weye, papa?” aliuliza kwa sauti ya chini, ambayo hakuna mwanafunzi wake aliyewahi kuisikia. “Unafunga?”

Mvuke ulimpanda Numbi usoni. Akakipokea kile kikombe.

“Ndiyo,” alisema. “Nafunga. Tangu juzi.”

Watoto wakasogea kwenye benchi, wakamwachia nafasi. Akakaa katikati yao, magoti juu, viatu vyake vimejaa vumbi. Bibiane akaomba kwa ile sauti yake ya bafle mpaka mtaa wa pili ukaitika amina. Sephora hakugusa kikombe chake mpaka alipomwona baba yake amemeza.