Koti la Shefu

Siku yangu ya kwanza kazini nilifanya kosa la kusema kweli. Vita vilikuwa vimefika Ituri, watu wakimiminika Bunia kutoka Djugu, nami nilipata kiti katika ofisi ya serikali iliyowaandikia vyeti waliopoteza vitambulisho. Mtu akachungulia mlangoni, akauliza shefu yuko wapi. Nikamjibu, "Haiko." Ofisi nzima ikanigeukia, yaani mama wa taipu na mzee wa mafaili.

"Weye mutoto, unataka kutuua?" mama wa taipu akaniuliza mgeni alipokwenda. "Hapa shefu hakosekanaka. Anatokaka kidogo."

Ushahidi ulikuwa koti. Koti la kahawia lilining'inia kwenye kiti cha shefu kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, na mwenyewe yuko kwake mtaa wa Lumumba akioka mikate na mke wake, kwa kuwa mshahara ulikuwa umesahau njia ya kutufikia. Alipita siku mojamoja tu, akalivaa, akagonga mihuri, akaliacha. Kwa mikate simlaumu, ilikuwa mizuri. Mama wa taipu alikuwa na mkoba wa pili, mtupu, uliokaa kazini zaidi kuliko yeye. Kila mji ulipoangukia kundi jingine la wapiganaji, wakubwa wapya walituma askari waje kuhesabu wafanyakazi. Mmoja alilipigia koti saluti, akangoja kidogo, akaondoka ameridhika. Tulicheka mpaka machozi. Baada ya miezi miwili nami nilileta koti langu la pili, la marehemu mjomba, nikajiona nimekomaa.

Ndipo akaja mwanamke mmoja kutoka Nizi. Nyumba yake ilikuwa imechomwa na kitambulisho ndani. Binti yake wa pekee alikuwa Beni, mimba ya kwanza imefika mwezi wa kujifungua, na dereva wa lori alikataa kumpakia bila karatasi ya kuonyesha kwenye vizuizi. Lori lingeondoka Alhamisi saa sita.

Jumatatu nilimwandikia cheti chake vizuri kabisa. Kilikosa muhuri tu. Muhuri ulikuwa kwenye mtoto wa meza, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa koti. "Shefu ametoka kidogo," nikamwambia. Akaketi kwenye benchi pamoja na wengine, akalitazama koti mpaka tulipofunga. Jumanne nikamwambia vilevile. Jumatano alinitangulia yeye: "Ametoka kidogo." Nikaanza kumchukia, kwa sababu nilikuwa naona aibu.

Alhamisi saa tano na nusu lori likaanza kupiga honi barabarani. Mama wa taipu alikuwa ametoka kidogo. Mzee wa mafaili alikuwa ametoka kidogo. Mwanamke yule alikuwa amefumba macho, anaomba. Nikainuka, nikavaa koti la shefu. Ufunguo ningeweza kuutoa tu, najua, lakini katika ofisi ile sikuwahi kuona mtu asiye na koti akigonga muhuri. Mikono ya koti ilinifunika mpaka vidoleni. Nikaketi kwenye kiti cha shefu, nikakohoa kama yeye, nikafungua, nikagonga muhuri.

Akaipokea karatasi. Akautazama muhuri, akanitazama mimi.

"Shefu amerudi," nikasema. Ndiyo, hata hapo nilidanganya.

"Hapana, mutoto yangu. Tangu lundi, Jumatatu ile, koti ilikuwa pale, na weye ulikuwa pale." Hakukasirika. Ningefurahi kama angekasirika. "Ulikuwa unangoja nani?"

Honi ikalia tena, akatoka mbio. Dirishani niliona watu wakimvuta juu ya magunia, karatasi ameibana kwa meno. Nilipogeuka, kwenye benchi walikuwa wamebaki wanne. Wote walikuwa wamesikia, na wote walisimama pamoja.