Viazi Vyeupe vya Giteranyi

Enzi zetu, sisi tuliokulia kambi ya wakimbizi huko Tanzania, kiazi kitamu kilikuwa cha njano, laini, chenye majimaji, ukikimenya cha moto kinakuachia utamu vidoleni. Mhudumu wa afya alituambia kinalinda macho, basi tukawa tunashindana kusoma vibao vya mbali. Watoto wa siku hizi wanadai chipsi, halafu wanadai na miwani.

Mama hakuwahi kuvisifia. Sifa zote zilikuwa za vya kwao Giteranyi, Burundi: ganda jekundu, ndani vyeupe pe, vikavu vya unga, ukila viwili na maharage unashika jembe mpaka jioni. Miaka yote ile tulivila kwa masikio tu.

Amani ilipopatikana tukarudi. Mama alifunga marando, yale mashina ya kupandia, ya vile vya njano kwenye kanga iliyoloweshwa, asije akafika kwa mama yake mikono mitupu, maana kwetu marando hayauzwi, watu hupeana. Bibi, ambaye hakukimbia vita, akatupikia vyeupe kwenye chungu, kafunika na majani ya mgomba. Sisi watoto vilitukaba kooni, tukachekana. Mama hakucheka. Alitafuna polepole, akaomba maji.

"Mama, hivi siyo vile. Ulibadilisha mbegu?"

Bibi alimtazama sana. Akasema mbegu ni ile ile, hata shamba ni lile lile alilolima Mama akiwa msichana.

"Kilichobadilika ni kinywa chako."

Mama akatoka, akaenda kukaa nyuma ya nyumba. Nilimfuata nikamkuta analia, nami nikachanganyikiwa kabisa. Alikuwa amefika kwao, sasa analilia nini? Msimu uliofuata Bibi naye alionja vya njano, akasema haya ni maboga, siyo chakula cha mtu anayelima.

Siku hizi naishi Makebuko, huku Gitega, na Mama ni mzee, namtunza mimi. Sokoni vipo vyote, na wauzaji vijana wanakutajia vitamini kabla hujauliza ladha. Zamani ukiona sahani ya mtu unajua ametoka wapi. Sasa hata ya kwangu siielewi.

Juzi Mama aliomba viazi vya kwao. Nikampikia vyeupe, akaonja, akaisukuma sahani, siyo vile. Nikampikia vya njano. Akala vitatu, akafuta midomo, akaniuliza taratibu:

"Tunarudi lini nyumbani?"