Siku Susu Alipotafsiri Jina la Mtu

Ilianza jana Jumatano, saa kumi na dakika arobaini jioni, nikiwa na Susu, nyanya yangu, mlangoni pa jikoni tukichambua ndengu. Saa naijua vizuri kwa sababu nilikuwa nikihesabu masaa yaliyobaki hadi leo saa mbili asubuhi. Saa mbili Zuhura alitakiwa awe kwa ofisi ya chifu na watu wawili wa kumshuhudia, na mmoja wa hao wawili alitaka niwe mimi.

Zuhura na mimi tunakaa dawati moja tangu kidato cha kwanza. Babu yake alikuja hapa mjini Kabati kutoka Pwani na cherehani moja. Babake akazaliwa hapa, yeye akazaliwa hapa, na hii sketi ya shule ninayovaa ilishonwa na babake. Fomu za kitambulisho tulijaza siku moja. Mimi niliulizwa maswali mawili, nikapigwa picha, nikaenda nyumbani. Yeye aliambiwa alete cheti cha babake. Akaleta. Akaambiwa alete cha babu. Babu alikufa kabla hatujazaliwa. Sasa ameambiwa alete mzee wa mtaa na mtu wa rika lake aliyesoma naye. Kama mara hii itakataa, fomu yake inarudishwa, na bila kitambulisho hawezi kujisajili chuo cha uuguzi.

"Ni maneno mawili tu, Mumbua," aliniambia wakati wa mapumziko. "Unasema unanijua."

"Kwani huko ndani wanakuwa wangapi?"

"Wazee watano na chifu."

"Nitaona."

"Hiyo 'nitaona' yako naijua. Ni 'hapana' imevaa sweta."

Alicheka, lakini hakuniangalia tena mpaka tukatoka shule.

Mimi sijawahi kuongea mbele ya watu. Kanisani nilipangiwa kusoma andiko mara moja tu, nikajifanya mgonjwa, na mpaka leo mama anaamini ilikuwa tumbo. Kwa hivyo nilimwambia Susu habari ya Zuhura nikitumaini atasema mambo ya ofisi ni ya watu wazima. Hakusema hivyo. Aliweka ungo chini, akajipangusa mikono na leso, akaanza kuongea. Aliongea Kikamba na mimi naandika kwa Kiswahili. Ukimaliza kusoma utaelewa kwa nini naogopa kidogo kutafsiri.

Alisema hivi:

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo ikinijia hata kanisani naangalia chini. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, bado niko kwetu Ikutha, babu yako sijamjua. Mwaka huo redio ilituambia asubuhi kwamba serikali imepinduliwa, na kufika jioni ikatuambia haijapinduliwa. Sisi tulikuwa shambani siku hiyo, hatukuona hata mwanajeshi mmoja. Lakini baadaye serikali ikawa na uoga, na serikali ikiwa na uoga inaanza kuuliza watu wao ni nani.

Tulikuwa na mwethya wetu, kikundi cha wanawake kumi na mmoja. Leo tunachimba kwako, wiki ijayo kwangu. Tulikuwa tunachimba ile mitaro ya fanya juu, ile unachimba huku unatupa udongo upande wa juu wa mteremko, mpaka jioni mgongo haukujui. Kati yetu kulikuwa na Halima. Baba yake alifika Ikutha akifuata biashara ya ng'ombe, akitoka mbali upande wa mto Tana, na mkewe akajifungua wiki hiyo hiyo, kabla hata hawajapata mahali pa kutundika nguo. Aliyemzalisha ni mama mmoja anaitwa Kalunda, ambaye baadaye ndiye alikuwa kiongozi wa mwethya wetu. Kalunda akampa mtoto jina tunalowapa wasichana wanaozaliwa nyumbani kukiwa na wageni. Akamwita Mueni. Kwao aliitwa Halima, kwetu aliitwa Mueni, na akaitika yote mawili. Hata wewe una shangazi Mueni, na hakuna mtu amewahi kumuuliza yeye ni mgeni wa nani.

Sasa mimi nilikuwa nimesoma mpaka darasa la saba, na Kiswahili changu nilikiringia sana. Ningekusalimia kwa Kiswahili hata kama wewe ni mzee wa kuchunga mbuzi na hujui kuitikia. Siku hiyo tulikuwa shambani kwa Kalunda. Lori likasimama barabarani, akashuka ofisa na askari wawili. Akatupita mmoja mmoja akitazama nyuso zetu. Alipofika kwa Halima akasimama, kwa sababu ya sura yake na mtandio.

"Na huyu ni nani?"

Halima akafungua mdomo. Mimi nikamtangulia. Hakuna aliyeniuliza, mwanangu! Nilitaka tu yule mtu mwenye viatu vya kung'aa asikie Kiswahili changu. Nikasema, "Huyu ni Mgeni wetu, afande."

Nilitafsiri jina la mtu.

Akaandika. "Mgeni kutoka wapi?" Na mimi bado nafurahia sauti yangu, nikasema, "Baba yake alitoka mbali, afande." Kalunda hakuwa anajua Kiswahili, akawa ananivuta leso, "Umesema nini? Wewe, umesema nini?" Lakini Halima alikuwa anajua. Aliniangalia mara moja tu. Akaweka jembe lake chini polepole, kama mtu anayelaza mtoto, akapanda lori.

(Hapa Susu alivuta ungo, akachambua ndengu kidogo, ambazo tulikuwa tumeshachambua.)

Lori lilipoondoka Kalunda akaniambia niseme tena kwa Kikamba yale niliyosema. Nikasema. Nilidhani atanipiga, na ningefurahi angenipiga. Akasema, "Mimi nilimpa jina. Wewe umelifanya kosa. Kesho utaenda kulitoa huko ulikolipeleka."

Asubuhi tukaondoka wanawake kumi, mwendo wa masaa mawili hadi kwa D.O., yule afisa wa tarafa. Tulibeba majembe. Kalunda alisema tukienda mikono mitupu tutaonekana ni watu wa kuomba. Karani akatoka, akatutazama, akasema tulete karatasi za huyo mtu ama turudi kupika.

Kalunda akanigeukia. "Haya, wewe mwenye Kiswahili. Leo ndiyo siku yako. Mwambie karatasi zake ziko shambani kwangu, aje azisome."

Nikatafsiri. D.O. mwenyewe akasikia kelele, akatoka. Basi wale mama wakaanza, mmoja baada ya mwingine. Mmoja akasema, "Huyo mnamuita mgeni ndiye alichimba mtaro wa juu kwangu, ule unaozuia maji yasibebe choo." Watu waliokuwa kwa foleni wakacheka. Mwingine akasema, "Kwangu alichimba akiwa na mimba ya miezi saba. Nikimwambia akae, ananiambia nikae mimi, ati mimi ndiye mzee." Mwingine akasema, "Mume wangu alipokufa, ni yeye alichota maji ya watu wote waliokuja matanga." Mimi nikawa natafsiri neno kwa neno, bila kuongeza hata chumvi. Sijawahi kuheshimu maneno ya watu namna hiyo. Nilikuwa naona kama nimebebeshwa mayai.

Walipomaliza ikabaki mimi. Nikasema, "Bwana D.O., mimi ndiye nilisema mgeni. Si kweli. Mueni ni jina lake, alipewa na huyu mama. Mimi nilikuwa najigamba."

Karani alicheka mpaka kalamu ikaanguka. "Kumbe wewe ndiye profesa!" Na hilo jina lilinishika, mwanangu. Ikutha nzima waliniita Profesa mpaka siku ya harusi yangu.

D.O. hakucheka. Akauliza kama tuna hakika. Kalunda hakungoja tafsiri. Alisimamisha jembe mbele yake, akakaa chini, na sisi wote tukakaa.

Hawakumtoa siku hiyo. Tulirudi kesho yake na kesho kutwa, na siku ya nne wakamtoa. Lakini kitambulisho alikaa miaka mingi bila kukipata, kwa sababu kuna mahali kwa faili lile neno langu lilibaki limeandikwa. Watoto wake watatu wamezaliwa na yeye bado anaambiwa arudi wiki ijayo. Neno moja, mwanangu. Na sikuwa hata nina ubaya naye.

Jumatatu ilikuwa zamu ya shamba la mama yangu. Nilijua Halima hatakuja. Nilipofika na maji ya kunywa nikamkuta ameshachimba hatua tano, yeye wa kwanza kufika. Nikasimama pale na mtungi, nikaanza, "Mueni, mimi..." Akainua kichwa, akaniambia, "Profesa, leo unachimba ama unatafsiri?"

Wote walicheka mpaka wakashikilia majembe. Mimi nililia ndani ya mtaro, nikichimba. Nimeona wakubwa wengi katika maisha yangu, nimeona mawaziri wakija hapa na magari, lakini mtu mkubwa kama Halima asubuhi ile, na jembe lake na matope mpaka magotini, sijamwona tena.

Susu alimaliza hapo nikadhani ni hadithi tu. Lakini akanishika mkono, na hii ndiyo sehemu niliyoandika kwanza, jana hiyo hiyo, nisije nikaisahau:

"Sasa sikiza, mwanangu. Nchi inaweza kuchafuka kwa sababu ya watu ambao hutawaona maishani mwako. Wao wakishapatana, anayebaki kuulizwa ni mtu wa kawaida, mwenye cherehani ama mwenye ng'ombe. Na siku anaulizwa, hawamuulizi peke yake. Wanakuuliza wewe jirani yake. Ukiulizwa, usianze na baba yake alitoka wapi. Sema yeye amefanya nini na nyinyi, umeona nini kwa macho yako. Usiongeze, usipunguze. Na usifikirie ukinyamaza utakuwa hujajibu. Mimi nilimwangusha mwenzangu kwa kuongea. Wewe unaweza kumwangusha wako kwa kukaa nyumbani, na kwa faili itaonekana ni kitu kimoja."

"Susu, sauti yangu huisha."

"Basi itumie kabla haijaisha."

Halafu akafanya ile namna ya wazee ya kubariki ambayo mchungaji wetu haipendi. Akatemea viganja vyake mate kidogo sana, akanipaka kwenye paji la uso. Akasema, "Mungu aliyekupa mdomo akupe na pumzi ya kuusukuma. Ukiingia pale wakupe kiti. Ukitoka, utoke na mwenzako. Na popote utakapoishi, kuwe na watu wa kusema wanakujua."

Nikasema amina. Sikujipangusa.

Leo Alhamisi nilifika kwa chifu saa moja na nusu, kabla ya Zuhura. Alipokuja na babake na mzee wa mtaa, alisimama getini akiniangalia. Tukaitwa. Mzee wa mtaa aliongea haraka, akaketi. Mimi nilikuwa nimepanga sentensi ndefu nzuri, ikapotea yote. Nikasema tu kwamba kidato cha pili nilianguka darasani na malaria, na Zuhura akanibeba mgongoni mpaka zahanati, na kiatu chake kimoja kikapotea njiani na hakurudi kukitafuta.

"Ongeza sauti," mmoja wa wale wazee watano akasema.

Nikasimama, nikasema yote tena.

"Na kwao ni wapi?"

"Hapa Kabati, nyuma ya soko. Mimi hula huko kila Idi."

Wakanong'onezana. Karani akanisukumia karatasi niweke sahihi, na juu ya sahihi palikuwa na mstari wa kujaza uhusiano wangu na mwombaji. Kuandika ndiko ninakojua. Niliandika: mtu wa kwao.

Karani akaigeuza akasoma. "Hapa unaandika yeye ni nani wako, si wewe ni nani wao."

Nikamwambia, na nilijisikia nikisema, "Nimeandika vile ilivyo."

Akavuta muhuri, akaugonga.