Shoka Lililouzwa Kabla ya Saa Sita

Niseme ukweli: watu wanaonunua silaha za gemu nawadharau. Mtu mzima, ana kazi, anatoa pesa halisi anunue upanga ambao hauwezi kukata hata sukuma wiki. Lakini likizo yote niliwauzia mimi. Naingia mapangoni, naua majambazi, naokota silaha zao, naziweka kwenye soko la gemu, na mnunuzi ananitumia pesa kwa simu. Nilitaka miwani. Ubao siuoni tangu kidato cha kwanza, na kumwambia mwalimu mbele ya darasa zima, heri niwe kipofu.

Simu ni ya anko, ndugu ya mama. Yeye ni broka wa miraa hapa Maua, majani ya kutafuna ambayo yasipouzwa kabla ya saa sita hunyauka, kwa hivyo anajua kila kitu. Mwanzoni alinicheka: "Unauza chuma cha hewa?" Pesa ya kwanza ilipoingia akajifanya meneja, akawa ananiuliza kila upanga umevunwa lini.

Wiki ya mwisho nikaokota shoka la barafu, kitu ambacho wengine hawajawahi hata kukiona. Nikamweleza polepole, kama mtoto: lisiguswe hadi Jumamosi, siku wachezaji wanakusanyika kupigana na joka, na bei inapanda. Hadi hapo nilikuwa nimepata vijisenti tu; hilo moja lilikuwa miwani nzima. Akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa.

Alhamisi mama akanituma Mikinduri kwa nyanya, mama yake. Kurudi, anko yuko mlangoni anatabasamu.

"Nimekuuzia zote."

"Zote?"

"Kibunda kimoja! Vile visu vya kutu nimeweka ndani, shoka juu, mnunuzi avutiwe. Kimeenda papo hapo."

Yaani shoka limeenda kwa bei ya visu.

"Anko, si nilisema Jumamosi?"

"Na saa sita ilikuwa inafika, wewe! Nikiache kinyauke?"

Kinyauke. Shoka la barafu. Miaka yote hiyo ya kukimbiza majani, hata akili yake imefungwa kwa majani ya mgomba kama miraa yenyewe. Matusi yangu yote hubaki humu kichwani.

Pesa alinikabidhi kwa mikono miwili, kwa fahari. Zilitosha kitambaa cha kupangusia miwani.

Shule imefunguliwa. Nimehamia dawati la mbele kabisa, pale mate ya mwalimu hufika, na bado ubao ni ukungu. Leo amenisimamisha. "Muoneni huyu! Hamu ya masomo imemleta mbele." Darasa likapiga makofi, wajinga wote. Nikaketi, nikaendelea kunakili kwa jirani.