Punje za Komamanga

Juzi mjukuu wangu alipasua komamanga, punje zikadondoka kwenye sahani ya bati, nami nikakumbuka alasiri moja shuleni Garissa. Mwalimu alitusimulia ngano ya Wagiriki: binti aliibwa na mfalme wa wafu, akala punje chache za komamanga huko chini, basi hakuweza tena kurudi kabisa kwa mama yake. Kisha akatugawia punje tuigize kisa hicho. Zangu nilizificha mkononi kwa hofu.

Dada yangu Halima, ambaye hakupelekwa shule, alikuwa nje ya ua wa miiba wa shule, ananuka mbuzi na vumbi.

"Aboowe, kaka yangu, nionjeshe!"

Niliogopa atachukuliwa, nikazifukia mchangani.

"Mchoyo wewe! Hata mbuzi wangu wana huruma!"

Nilijiona nimemwokoa.

Baadaye walikuja wachumba kutoka Tarbaj kumposa Halima, na mbuzi wa kuchinja. Kula nyama yao kulikuwa kukubali. Halima alinisihi nimwombee kwa baba asiozwe, maana mimi ndiye niliyesoma. Nilikula pamoja na wazee.

Aliozwa huko, hakurudi tena. Kilichomchukua ni nyama ile, na mlaji nilikuwa mimi.