Kidole na Mtaa Usiojua Kulalamika

Kichwa chenye akili kuliko vyote katika ukoo wetu ni changu, hilo halina ubishi. Ila kwa kuwa kimeanza kuota upara, leo nitakiweka kando nimsifu mpwa wangu. Ni mtoto wa dada yangu, mwanamke mzima sasa, na mtaa mzima unamwita Kidole. Jina hilo nilimpa mimi. Utotoni kidole chake hakikutulia, kilionyesha kila kitu: kile nini, yule nani, mbona ukuta huu una ufa na ule hauna? Mama yake alikuwa akimfinya ili akome. Mimi nilimjibu kila alichouliza, na nisichokijua nilikitunga. Ndiyo maana akatoka na akili.

Kidole anapiga pasi katika duka la dobi la mama yake, lililopakana ukuta na kinyozi. Kinyozi ndiye mimi. Shule niliiacha darasa la sita, au tuseme tuliagana kwa amani, kila mmoja akiwa amemchoka mwenzake. Lakini kwa wembe sina mpinzani. Nimewanyoa watu wakiwa wamelala usingizi, wakaamka vijana.

Duka la dada lina karo mbili za saruji, mashine ya kukamulia inayotetemeka kama mgonjwa wa homa, na meza ya pasi iliyosogezwa dirishani ili mpigaji aone mabaka kwa mwanga wa jua. Uani kuna kamba tu, ukuta hadi ukuta. Shemeji alipofariki, dada alibaki na mtoto mchanga na mikono miwili, na kwa povu la karo hizo akamkuza Kidole. Mteja wake mkubwa ni nyumba ya wageni iliyo kona ya barabara kuu. Kila asubuhi huleta mashuka meupe, kila jioni huyachukua. Wengine wote, sisi wenye shati moja na suruali mbili, ni nyongeza tu.

Basi ikatokea maji ya bomba yakaanza kubadilika rangi. Mwanzoni yalikuwa kama chai ya mgonjwa, baadaye kama chai ya mtu mzima. Kutu ilikuwa ikibanduka ndani ya bomba kuukuu lililopita chini ya mtaa wetu, ikija moja kwa moja kwenye karo ya dada. Akaanza kuchuja maji kwa kitambaa, akayaacha yatuame kwenye mapipa, akafua mara mbili. Bado mashuka yalikauka na wingu la manjano.

Meneja wa nyumba ya wageni, mama mmoja mstaarabu, akaja mwenyewe.

"Dada yangu, hakuna mkono ninaouamini kama wako," alisema. "Lakini mgeni akiona shuka lina rangi ya chai, anafikiri ni la aliyelala jana. Nitavumilia mpaka mwisho wa mwaka. Baada ya hapo itabidi nipeleke kwenye mashine za mjini."

Unajua dada alijibu nini? "Nashukuru kwa kuniambia mapema."

Hapo lazima nikueleze mtaa wetu. Sisi ni watu wa adabu kupita kiasi. Mtu akiezuliwa paa na upepo, ukimwuliza habari atakwambia, "Nzuri tu, siku hizi tunapata hewa." Jirani yangu fundi saa aliwahi kuvunjika mguu, akatusalimia sote kwanza, mmoja mmoja, ndipo akaomba kubebwa.

Sasa mpwa wangu. Jumamosi moja alipita mbele ya maktaba ya jiji, akaona tangazo mlangoni: watu wanafundishwa kusoma takwimu huria, bila malipo. Kidole na neno "bure" ni damudamu, hilo kalirithi kwangu. Akaingia. Jumamosi iliyofuata akarudi, na iliyofuata tena, akaanza kuja dukani na kompyuta ndogo ya mkopo wa maktaba, akiifungua kwenye meza ya pasi kila mzigo unapopungua.

"Takwimu huria ndiyo nini?" nikamwuliza.

"Ni data, mjomba."

"Data? Si ile inayoisha kwenye simu kabla video haijafika kwenye utamu?"

"Hii haiishi. Jiji linahesabu vitu vyake: taa, miti, mabasi, foleni za zahanati. Halafu linaziweka hesabu hizo wazi, yeyote azisome."

"Yeyote? Hata kinyozi?"

"Hata kinyozi aliyeishia darasa la sita."

"Niliishia kwa hiari yangu, tafadhali."

Akanionyesha. Nilinyoosha shingo nikijiandaa kucheka, lakini kicheko hakikuja. Kulikuwa na ramani ya jiji zima, na juu yake nukta kama mchele uliomwagika. Akabonyeza, nikaona mabasi yanavyojaa alfajiri kutoka pembezoni na kurudi jioni yakiwa yamejaa vilevile. Akabonyeza tena, nikaona zahanati ipi ina kinamama wengi wanaosubiri. Kisha akanionyesha taa ya kona yetu, ile inayomulika kibao changu. Ina namba yake! Imeandikwa tarehe balbu ilipobadilishwa. Miaka yote hii nimekaa chini ya taa ile nikidhani hakuna anayejua kama tupo, kumbe kuna mtu ofisini aliyetuandika. Nilisema jicho limeingia mvuke wa pasi.

Tangu siku hiyo kila aliyeketi kwenye kiti changu alipata habari za jiji kutoka kwangu. Niliwaambia idadi ya miti. Nyingine nilizidisha kidogo, miti haina ubaya.

Bomba lilijitokeza siku moja mchana. Kidole alikuwa amefungua ramani ya mabomba ya maji, iliyopakwa rangi kwa umri: mapya bluu, makuukuu mekundu. Letu lilikuwa jekundu kama pilipili. La mtaa wa nyuma yetu ni jekundu vilevile, yalizikwa pamoja. Lakini kwenye ratiba ya kubadilisha mabomba, wenzetu walikuwa miongoni mwa wa kwanza, na sisi tulikuwa mkiani kabisa, miaka mingi mbele.

"Wana mtu wao huko juu," nikasema, maana ndivyo tunavyosema kila tukikosa kitu.

"Subiri kwanza, mjomba." Akafungua jedwali jingine, la simu zinazopigwa kwa idara ya maji, mtaa kwa mtaa. Halina majina ya watu, ila kila simu imewekwa fungu lake: malalamiko, maombi, pongezi, na pembeni maelezo mafupi ya mhudumu aliyepokea. Akasoma. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akausahau mkono, pasi ikala foronya.

"Mjomba, mtaa wetu unaongoza jiji zima!"

Nikasimama. "Nilijua tu! Kwa nini?"

"Kwa pongezi."

Akanisomea. "Mpigaji anasema maji yanatoka, yana rangi kidogo, anashukuru kwa juhudi." "Mpigaji amesalimia, ameiombea idara heri, amekata simu." Yaani watu wetu walipiga! Kila mmoja alipiga kwa siri, akiwa na shida yake kifuani, akamaliza muda wote kwenye salamu na shukrani. Mhudumu afanye nini? Akaandika alichosikia. Mtaa wa nyuma ulikuwa na malalamiko kurasa kwa kurasa, na pongezi hakuna.

Kicheko cha Kidole kikakatika ghafla. Akasoma polepole: "Mpigaji ni mama anayefua nguo. Amemwuliza mhudumu hali ya watoto wake. Amesema yeye hajambo. Anashukuru."

Akageuka. "Mama, ulipiga simu idara ya maji?"

Dada alikuwa ameinama kwenye karo. "Nilipiga."

"Ukasema nini?"

"Nilimsalimia."

"Halafu?"

"Akaniuliza nina tatizo gani. Yule binti sauti yake ilikuwa imechoka sana. Nikaona nisimwongezee."

Tulikwenda idara ya maji, mimi na Kidole. Nilivaa koti, kwa sababu ofisi huheshimu koti. Tukapelekwa kwa kijana wa takwimu, chumba kidogo, feni moja mbovu, kikombe kimejaa kalamu zisizoandika. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Kidole akanikanyaga mguu, akamweleza mwenyewe, akamwonyesha ramani na jedwali.

Kijana akasikiliza mpaka mwisho. "Ratiba inafuata vitu viwili," alisema, "umri wa bomba na malalamiko. Umri mnao. Malalamiko hamna, kwa hiyo hesabu inawaona mmeridhika."

"Kwa hiyo utaturekebishia?" nikauliza.

"Mzee, siwezi kuandika simu ambayo haikupigwa. Lakini orodha hupangwa upya kila miezi mitatu. Leteni malalamiko ya kweli, ya watu wa kweli, na mtapanda wenyewe." Kisha akaona haya kidogo. "Niwaambie jambo? Hapa tunatukanwa kutwa. Siku nikichoka sana huwa nafungua mtaa wenu, nasoma zile pongezi. Zimeniweka kazini."

Nikamsamehe feni yake mbovu na kila kitu.

Kidole akazunguka nyumba kwa nyumba. "Pigeni simu, mseme ukweli." Wote wakaitikia vizuri sana. Wakapiga. Jumatatu akafungua jedwali: pongezi zimeongezeka. Fundi saa alikuwa amempongeza mhudumu kwa kupokea simu haraka.

Nilimkuta mpwa wangu amekaa kwenye kapu la nguo chafu, mikono kichwani. "Mjomba, nimeyaona yote. Naweza kukwambia bomba lina umri gani na linapita wapi. Lakini siwezi kumfanya mtu aseme linamuuma. Mwaka unaisha, na mama atabaki na mashati yenu."

Wazo lililofuata lilikuwa langu. Yeye atakwambia lilikuwa lake. Usimsikilize.

"Wewe," nikamwambia, "watu wa mtaa huu hulalamika wapi?"

Akafikiri. Kidole kikanyooka chenyewe kuelekea ukutani, upande wa duka langu.

Naam. Kwenye kiti cha kinyozi hakuna anayesema hajambo. Nikishamfunga mtu kitambaa shingoni, huanza: mgongo, mkwe, kodi, mbu. Na wembe ukiwa chini ya kidevu mtu hana nafasi ya salamu ndefu. Tukakubaliana. Kidole akaketi pembeni na simu yenye ukurasa wa malalamiko wa idara, akimweleza kila mtu wazi kwamba anachokisema kinapelekwa, akitaka.

Wa kwanza fundi saa.

"Maji kwako yakoje, baba?" Kidole akauliza.

"Ah, tunashukuru..."

"Usitikisike," nikamwambia, "nisije nikakukata. Jibu kwa ufupi."

"Machafu!" akasema. "Machafu kupindukia! Watoto wamegoma kuoga, na mke wangu anasema nimezidi kunuka!"

"Nipeleke?"

"Peleka! Ila hiyo ya mwisho iache."

Habari ikaenea. Walikuja wasio na hata unywele. Kinamama nao wakaja, wakaketi, wakasema, "Nifunge kitambaa tu, usinikate kitu." Nikiwafunga, ulimi unalegea. Nilinyoa wachache nikasikiliza wengi, na sikumtoza mtu kwa kusema, ingawa mawazo hayo yalinijia.

Dada alikuja wa mwisho, amekausha mikono kwenye aproni. Akaketi. Nikamfunga kitambaa, dada yangu mkubwa aliyenibeba mgongoni, nikakuta shingo yake imekonda.

"Maji kwako yakoje, mama?" Kidole akauliza, kama alivyowauliza wote.

Dada akajitazama kwenye kioo. Nikajua sasa atasema hajambo.

"Ni machafu," akasema. "Yananiharibia kazi. Nafua mara mbili, nafua mara tatu, hayatakati. Nikiwapoteza wageni wale sina kingine ninachokijua. Naogopa."

Sijawahi kumsikia dada akitamka neno hilo, hata siku tuliyomzika shemeji. Kidole akaandika. "Nipeleke, mama?"

"Peleka, mwanangu."

Orodha ilipopangwa upya, mtaa wetu ulikuwa umepanda, ukakaa bega kwa bega na wa nyuma. Wachimbaji walikuja kabla mwaka haujaisha, wakapasua barabara mbele ya milango yetu, wakang'oa bomba lililokuwa limezibwa na kutu hadi likabaki tundu la kupitisha kidole gumba. Nilisimamia kazi yote. Hawakuniomba, lakini nilisimamia.

Maji mapya yalitema mate kidogo bombani, yakakohoa, kisha yakatoka meupe. Dada alifua pea moja ya mashuka, akaitandaza uani, akaisubiri hapohapo mpaka ikakauka. Meneja alipokuja jioni alilishika shuka kwenye pembe, akaliinua kwenye mwanga, akalikunja mwenyewe. "Kesho naleta na mapazia," akasema.

Kidole sasa huwafundisha wengine maktaba kila Jumamosi, na mimi hukaa mstari wa mbele kumsahihisha. Namshukuru aliyebandika lile tangazo mlangoni, namshukuru kijana wa feni mbovu, nawashukuru hata waliohesabu taa. Dada shukrani zake hakuzisema. Wachimbaji walipomaliza kufukia, aliwavua ovaroli zao zilizoganda udongo, akawakalisha dukani kwangu wamejifunga mashuka ya nyumba ya wageni kama mabwana harusi, akazifua zote kwa maji yale waliyoyaleta wao.